Ratili Moja ya Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kupumua. Ilikuwa Matrah, bandarini Maskati, kwa sonara mkubwa, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha wala feni. Mpimaji Mkuu, mzee wa Kigujarati mwenye miwani minene, aliniweka mbele ya mizani ya karati akanambia: "Binti, pumzi yako ina uzito. Ukitaka kupumua, geuza uso." Nikadhani ananitania. Akapuliza kidogo tu mbele ya kisahani cha shaba, na mshale ukaondoka mahala pake. Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu sikupumua tena juu ya mizani.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii mmeniomba nikuandikieni ilikuwaje zamani, na mmenambia niandike kwa upole. Upole nnao. Lakini hasira nnazo zaidi, na nimechoka kuzificha. Ntaanza na vipimo, kwa sababu vipimo ndiyo kazi yenyewe, halafu ntakwambieni vipimo hivyo vilitumiwa kumfanyia nini mtoto wa watu.

Karati ni uzito mdogo sana. Gramu moja ina karati tano, na karati moja tunaigawa mafungu mia, kila fungu tunaliita nukta. Mpimaji Mkuu akitusimulia kwamba zamani wauza vito wakipimia mbegu za mti uitwao kharubu, na karati ya mji mmoja haikuwa sawa na ya mji wa pili mpaka watu walipokaa wakakubaliana. Dhahabu nayo ina karati zake, lakini zile si uzito, ni usafi wake, na haupiti mwaka bila kijana kuja kuzichanganya. Mzee yule alikuwa mkali. Ukishika kito kwa vidole badala ya kibano hasemi kitu, anakunyang'anya na kukuweka ukunje vikaratasi vya kufungia vito mpaka duka lifungwe. Mie nimekunja vikaratasi vingi.

Kipimo cha pili ni stoni, na hicho sikujifunza kwake. Nilikitoa nyumbani. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dresa hospitali Unguja, na Waingereza walimfundisha kupima watu kwa stoni na ratili. Stoni moja ina ratili kumi na nne. Hata tulipohamia Maskati aliendelea hivyo hivyo. Akija mgeni kutoka kwetu, baba anamtazama juu mpaka chini na kumwambia, "Khamis, umekonda, ulikuwa stoni kumi na moja wewe." Mama akikasirika, akisema mgeni hapimwi kabla hajanywa kahawa. Sisi watoto tukicheka, na sikufikiri kama kipimo kile cha nyumbani kwetu kitakuja kunitoa machozi kazini.

Wanaotaka hesabu, hii hapa. Ratili moja ni gramu mia nne na hamsini na tatu na kitu. Zidisha kwa tano, unapata karati elfu mbili, mia mbili na sitini na nane. Zidisha tena kwa kumi na nne, unapata karati za stoni moja: elfu thelathini na moja, mia saba na hamsini na mbili. Ukizichukua desimali zote inapungua kama nusu karati, na katika kumpima mtu mzima nusu karati si chochote. Ukitaka kutoka karati uende stoni, unagawanya. Mtoto wa skuli anaiweza hesabu hii, na ndiyo maana wakubwa wanaipenda.

Kutoka Matrah nilikwenda Ruwi, kwenye maabara ya kukagua vito. Mkuu wa Maabara alikuwa bibi wa Kiomani, mdogo wa umbo, sauti ya chini, na hakuna aliyemzoea. Siku moja niliandika uzito wa yakuti kwa tarakimu nyingi baada ya desimali. Mizani yetu ikionyesha mbili tu. Zile nyengine nilizipata kwenye kikokotozi. Akaniita.

"Tarakimu hizi umeziona wapi?"

"Kwenye hesabu, ustadha."

"Mizani imeziona?"

"Haikuziona."

"Basi na wewe hukuziona. Futa."

Nikafuta. Katika wakubwa wote niliowahi kuwa nao, huyu ndiye ninayemwombea dua kila Ijumaa. Nilikaa chini yake miaka mingi, na niliyoyajua kuhusu haki niliyajua pale, mbele ya kisanduku cha kioo cha mizani.

Nilipofika umri wa kuitwa Bi, nikachukuliwa na karakana moja ya kukata vito, Azaiba, nyuma ya maduka ya barabara kuu. Cheo changu kilikuwa Mkaguzi Mkuu wa Vito. Vito vilikuja vikiwa ghafi, vikakatwa, vikasuguliwa, na kila hatua vilipita mezani kwangu. Kito cha karati kumi kikimaliza kukatwa kikiwa na karati nne, mkataji amefanya kazi nzuri. Zilizobaki ni vumbi, na vumbi nalo tukilifagia na kulipima.

Mwenye karakana tukimwita Tajiri. Akikaa Qurum, na akija ofisini anapojisikia. Chini yake alikuwapo Mkuu wa Utawala, kijana wa kwetu khasa. Bibi yake na bibi yangu walikuwa majirani Malindi ya Unguja, na Kiswahili akikisema kama ninavyokisema mie. Akiniita khalati, yaani mama mdogo, na kila Idi mamake akiniletea halua. Nakuombeni mumkumbuke huyu.

Na alikuwapo Prossy. Msichana wa Kiganda, Mkristo, aliyeletwa kufanya kazi za ndani kwa Tajiri kisha akahamishiwa karakana kufagia na kupika chai. Mwanawe wa kiume alikuwa kwao Masaka kwa bibi yake, na Prossy alikuwa na nia moja tu duniani, akae kazini mpaka mtoto amalize shule. Kiswahili chake cha bara kilichanganyika na Kiarabu cha jikoni. "Mama Zuwena, chai tayari, sukari maafi," akinambia asubuhi, yaani sukari hakuna, nami nikimjibu kwamba sukari isiyokuwapo leo ilikuwapo jana na aliyeimaliza namjua. Tukicheka. Alikuwa mtu wa kicheko, na alifagia vumbi la zumaridi kwa uangalifu kuliko wakataji wenyewe.

Sasa ndiyo nafika kwa Mkuu wa Usalama. Aliajiriwa baada ya Tajiri kusikia kwamba duka la mtu mwengine limeibiwa. Mwingereza, askari mstaafu, mrefu, msafi wa nguo, akikwambia tafadhali kabla ya kukudhalilisha. Alikuja na mizani yake mwenyewe, ya kusimama juu, yenye uso wa mviringo na mshale, iliyoandikwa stoni na ratili. Akaiweka mlangoni. Amri ikatoka kwamba kila mfanyakazi apimwe anapoingia na anapotoka. Atakayetoka mzito kuliko alivyoingia, amebeba kitu. Kuna migodi, alisema, inafanya hivi.

Akaniita ofisini. Alisema Kiingereza, mie nakuandikieni kwa lugha yetu.

"Madam Zuwena, naambiwa unazijua stoni."

"Tangu utotoni."

"Vizuri. Kila siku utachukua tofauti ya kila mtu, ratili alizozidi au alizopungua, unigeuzie ziwe karati. Tajiri anafikiri kwa karati."

Nikamwambia haiwezekani. Akanambia hesabu yenyewe hata yeye anaijua. Nikamwambia hesabu inawezekana, kisichowezekana ni kuona. "Mizani yako ina mstari mmoja kwa kila ratili. Kutoka mstari mpaka mstari kuna karati elfu mbili na zaidi. Kito kikubwa tulichonacho humu hakifiki karati ishirini. Mtu akikificha kinywani, mshale wako hautajua."

"Wafanyakazi hawalijui hilo," akasema. "Wanaogopa, na mimi hofu inanitosha. Fanya hesabu tu, Madam."

Basi tukapimwa. Wanaume wanavua viatu na mikanda, wanawake tunavua viatu na bangili, tunasimama foleni miguu mitupu kwenye marumaru, na mlinzi anasoma kwa sauti uzito wa kila mtu wengine wakisikia. Mie nimezaa watoto watano, na uzito wangu nilikuwa simwambii hata mume wangu. Sasa asubuhi na jioni unatangazwa mbele ya vijana. Kisha nakwenda mezani kugeuza. Fulani amezidi ratili moja, karati elfu mbili, mia mbili na sitini na nane. Fulani amepungua mbili, karati elfu nne, mia tano na thelathini na sita. Nikaongeza safu ya sababu. Mkata Vito Mkubwa: biriani. Msuguaji: alikwenda msalani. Mkuu wa Usalama akaipiga mstari safu yangu yote na kuniambia taarifa si mahala pa mzaha.

Hapakuwa na mzaha wowote. Ningempa Mkuu wa Maabara wa Ruwi karatasi ile angenifukuza kazi palepale, na angekuwa na haki. Tarakimu zilikuwa nzuri, zimejaa, zina sura ya kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa imeonwa na mizani. Na watu watatu hawakupanda mizani ile hata siku moja: Tajiri, Mkuu wa Utawala, na mwenyewe Mkuu wa Usalama.

Ramadhani ikaingia. Wanaofunga wanajua hali ilivyo, na wasiofunga ntawaelezea. Mtu akila daku yake na kunywa maji yake anaingia kazini mzito. Mchana hali, hanywi, anatoa jasho, anakwenda haja ndogo. Akitoka, amepungua ratili moja, pengine mbili. Karakana nzima tukitoka wepesi kila siku, na Mkuu wa Usalama alifurahi sana, akiamini kwamba wizi umekwisha. Mie nikimgeuzia karati za kupungua, maelfu kwa maelfu, naye akimpelekea Tajiri.

Wakati huohuo Mkuu wa Utawala alibandika tangazo mlangoni. Ndani ya karakana ni marufuku kula na kunywa mchana wa Ramadhani, awe mtu wa dini yoyote. Atakayeonekana, kazi hana. Nilimfuata. Nikamwambia, "Mwanangu, Prossy hakufaradhishiwa funga. Anapiga deki joto hili. Mpe chumba anywe maji."

"Khalati, nikimpa mmoja watataka wote. Na wateja wakiona?"

"Wateja wanaingia jikoni tangu lini?"

Akatabasamu, akanambia ataliangalia. Hakuliangalia. Prossy alikuwa anapasuka midomo. Siku ya tatu nilimkuta amekaa chini karibu na mifagio, uso umemsawijika, nikampa ufunguo wa chumba changu. Nikamwambia, "Ingia, funga mlango, kunywa maji, kula mkate wako. Tuliofunga ni sisi, si wewe." Mie dini yangu nimefundishwa hivyo, na ningempa tena hata leo. Ikawa ndiyo desturi yetu, kila baada ya adhuhuri Prossy anaingia kwangu na kichupa cha maji cha nusu lita.

Siku hiyo ninayotaka kuisema ilianza vizuri. Asubuhi nilipima zumaridi moja iliyokwishakatwa, ya kijani kizito, karati tano, yaani gramu moja. Nikaifunga kwenye kikaratasi, nikaitia sefu ya ofisini. Sefu ina funguo mbili, moja kwangu na moja kwa Tajiri. Kabla ya adhuhuri Tajiri alipita, akaingia ofisini peke yake, akatoka, akaenda zake. Mchana nilipofungua sefu kuhesabu, kikaratasi hakimo.

Nilisema palepale, mbele ya watu: "Aulizwe Tajiri kwanza." Mkuu wa Usalama akapiga simu, haikupokewa, Ramadhani Tajiri akilala mchana. Basi hakungoja. Alifunga milango, akatusimamisha foleni, akaanza kupima. Mkata Vito Mkubwa amepungua ratili mbili. Msuguaji amepungua moja. Mie nimepungua moja. Wote tumepungua. Akapanda Prossy, na mshale ukapita mahala ulipokuwa asubuhi ukaingia mstari wa mbele yake. Amezidi ratili moja.

Mkuu wa Usalama akanigeukia. "Karati ngapi, Madam?"

Nikaiweka kalamu chini. Akaisema mwenyewe, maana kwa siku zote zile alikwishaikariri kutoka kwenye hesabu zangu. "Elfu mbili, mia mbili na sitini na nane." Akaitamka polepole, na watu wakamtazama Prossy. Tarakimu ikitamkwa hivyo mtu anaamini. Niliona hata Mkata Vito Mkubwa, mtu mwenye akili zake, anarudi nyuma hatua.

"Kipo wapi?" akamuuliza. "Umekimeza?"

Prossy akatikisa kichwa. Alitazama tangazo la mlangoni, akanitazama mie. Akasema tu, "Bosi, mimi maafi kuiba."

Nikamwambia yule bwana, na sasa sauti yangu ilikuwa juu, kwamba zumaridi iliyopotea ni gramu moja. Ili mshale wake uondoke mstari mmoja, msichana huyu lazima awe amemeza zumaridi mia nne na hamsini na zaidi. Karakana nzima hatukuwa nazo hamsini.

"Mshale umesogea, Madam," akasema. "Kuna kitu kimeusogeza."

Akamwita mlinzi, akamwamuru akanunue haluli duka la dawa. Kwa msiojua, haluli ni dawa ya kuharisha. Prossy angenyweshwa na kuwekwa chooni mlango wazi, mlinzi amesimama, mpaka kito kitoke, na kisipotoka aitwe polisi. Mkuu wa Utawala alikuwapo, ameegemea ukuta. Alisikia kila neno. Kiswahili cha yule msichana anakijua, dini yake mwenyewe ya kuhifadhi stara ya mtu anaijua, na alitazama saa yake.

Nikamvuta Prossy pembeni. "Nnawaambia ulikunywa maji," nikamwambia. "Lakini ujue, nikisema hilo, lile tangazo linakuhusu."

Alifikiri kidogo. "Sema, mama. Bora maji kuliko wizi. Mtoto wangu asisikie wizi."

Nikasema. Nikasema maji nilimpa mimi, chumbani mwangu, sasa hivi tu kabla hajayatoa jasho, kichupa cha nusu lita, na nusu lita ya maji ni karati elfu mbili na mia tano, ambayo ni ratili moja na kitu, na ndicho kilichosogeza mshale. Mkuu wa Usalama akauliza nani shahidi. Nikamwambia shahidi ni mizani yake. "Ngoja magharibi. Haluli yako iweke. Sote tutafuturu humu ndani, hakuna atakayetoka, kisha tupime tena."

Nadhani alikubali kwa sababu alitaka kuniona nimeumbuka. Tukakaa chini saa zile zote zilizobaki. Adhana ilipolia tukafungua kwa tende na maji, akatuletea mlinzi laban, yaani maziwa ya mtindi, na sambusa kutoka barabarani. Mkuu wa Utawala alikaa nasi, akala. Prossy nilimkalisha ubavuni mwangu, nikamtilia mwenyewe. Kisha nikasimama mlangoni nikawaita mmoja mmoja, na safari hii nilisoma mie.

"Mkata Vito Mkubwa, amezidi ratili mbili. Ameiba karati elfu nne, mia tano na thelathini na sita. Msuguaji, amezidi moja. Ameiba karati elfu mbili, mia mbili na sitini na nane. Mlinzi amezidi mbili, na ndiye aliyeshika funguo za mlango. Mkaguzi Mkuu wa Vito, huyu hapa, amezidi mbili, na hana haya." Wakaanza kucheka, kwanza kwa khofu, kisha kwa nguvu. Prossy alicheka huku analia. Yule Mwingereza uso ulimwiva. Akasema, "Inatosha, Madam," akamrudishia mlinzi chupa ya haluli mkononi.

Nilidhani nimeshinda. Nakuambieni kweli, kwa muda kama wa kunywa kikombe cha kahawa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Maskati.

Ndipo Mkuu wa Utawala akajifuta mdomo kwa karatasi, akasimama, akasema kwa Kiswahili kizuri, cha Malindi: "Kwa hiyo, khalati, imethibiti. Alikunywa mchana."

Nikamwambia asifanye hivyo. Nikamwambia alikunywa ndani, mlango umefungwa, hakuna aliyeona. Nikamkumbusha bibi yake. Nikamwambia anifukuze mie niliyempa. Akanambia mie Mkaguzi Mkuu, hanigusi, na kwamba sheria ya kampuni ni sheria. Prossy alikuwa amesimama baina yetu na sahani ya tende mkononi, anaelewa kila kitu, kwa sababu bwana yule hakuona hata taabu ya kubadilisha lugha. Akamwambia akusanye vitu vyake. Usiku ule alirudishwa ofisi ya wakala aliyemleta, na wakala akamkatia tikiti ya kwao.

Siku chache kabla ya Idi, Tajiri alikuja karakana, amenukia udi, anacheka. Akatia mkono mfukoni mwa kanzu yake ya dishdasha akatoa kikaratasi changu mwenyewe, nilichokikunja kwa mkono wangu. Alikuwa ameichukua zumaridi kumwonyesha mchumba wa mwanawe, akaisahau mfukoni. "Nimesikia nilikutieni wasiwasi," akasema. Gramu moja, kwenye mfuko wa mtu ambaye hapimwi. Watu wakacheka kwa adabu. Mkuu wa Usalama naye akacheka.

Nilimfuata Mkuu wa Utawala mpaka mezani kwake. Nikamtaka amrudishe Prossy. Akasema viza yake imeshafutwa. Nikamtaka basi amwandikie wakala kwamba msichana hakuiba, maana kule kwa wakala khabari iliyofika ni ya wizi, na wakala mmoja akijua wote wamejua.

"Khalati," akanambia, na bado alikuwa akiniita khalati, "hatukumfukuza kwa wizi. Tulimfukuza kwa kunywa. Sasa tumsafishe na nini?"

Nimeishi na sentensi ile. Nimeilalia na kuiamkia. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo iliyonipandisha hasira mpaka leo, kwamba alijua kuipanga kweli ikafanya kazi ya uongo. Halua ya mamake Idi ile niliirudisha mlangoni.

Niliandika barua ya kustaafu kabla ya wakati wangu. Hawakunibembeleza. Siku ya mwisho walinipa saa ya ukutani, nikaiacha juu ya meza. Nilipofika mlangoni mizani ilikuwapo palepale, na Mkuu wa Usalama akanyoosha mkono. "Madam, tafadhali."

Nikamwambia, "Mie natoka na kila nilichoingia nacho, isipokuwa heshima niliyokuwa nayo kwenu. Hiyo igeuze karati mwenyewe." Nikavaa viatu vyangu nikatoka.

Sasa nakaa nyumbani. Wajukuu wananambia hesabu zangu zote zimo ndani ya simu. Nimejaribu. Unaiandikia stoni moja, inakutolea karati na desimali zake mpaka mwisho wa kioo, kwa muda wa kupepesa jicho, wala haikuulizi umepima kwa nini, umempima nani, na unataka kumfanya nini. Nyinyi mnaoingia kazi hii mtafanya kazi na vyombo vizuri kuliko vyetu. Sikuoneeni wivu. Nnachokuombeni ni kwamba siku mkubwa atakapowaambia fanya hesabu tu, mnyanyue macho mtazame nani amesimama juu ya mizani.

Prossy aliniandikia mwaka mzima baadaye. Alijaribu kazi Dubai, wakaliona jina lake, wakamkatalia. Alijaribu Doha, vilevile. Yuko Masaka, anauza maandazi, na mtoto ameacha shule anafanya kazi ya gereji. Nimepiga simu kwa mawakala mpaka wananijua sauti, nimewaeleza ratili na karati na Ramadhani, nao wananisikiliza kwa heshima, kisha wananambia bibi, si huku kwetu, ongea na waliomwandika.

Ramadhani hii iliyopita alinipigia. Nilikuwa mezani, sahani ya tende mbele yangu, adhana ndiyo kwanza imelia na watoto wamenyamaza. Nikadhani ana shida, anataka kitu. Sauti yake ilikuwa ileile. Hakuniuliza khabari ya mawakala, wala ya Tajiri, wala ya barua.

"Mama Zuwena," akanambia, "nimehesabu saa za huko. Umeshakunywa maji?"

Gilasi ilikuwa mkononi. Nikamwambia bado.